Kimeta, kiporo na dawa ya viluwiluwi: kwa nini wote wanaitwa Bacillus?

Swali: Shikamoo daktari. Nasoma stashahada ya maabara, mwaka wa pili. Kitabu chetu kinamtaja Bacillus kuwa ndiye bakteria wa kimeta. Juzi tulikwenda ziara Kibaha, kwenye kiwanda cha viuadudu, tukaambiwa dawa inayoua viluwiluwi vya mbu inatokana na Bacillus. Kisha mhadhiri akasema anayewatapisha watu waliokula wali wa jana ni Bacillus pia. Nikaingia mtandaoni nikachanganyikiwa zaidi, maana bakteria yuleyule huku anaitwa Bacillus, kule Lysinibacillus. Naomba unieleze sifa za jenasi hii na jinsi inavyogawanywa. Mimi naona kama jina moja limegawiwa kila mtu.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike kwa urefu, kwa sababu kwa zaidi ya miaka mia moja ndivyo mambo yalivyokuwa. Masharti ya kuingia jenasi ya Bacillus yalikuwa mepesi mno: uwe na umbo la fimbo, uwe unaweza kuishi penye hewa, na uwe unatengeneza spora, yaani umbo gumu la kujifichia. Ukitimiza hayo matatu, karibu ndani. Usafi wa nyumba hii umeanza juzijuzi tu, na bado unaendelea.

Tuanze na spora, kwa kuwa bila hiyo hakuna habari yoyote hapa. Jina Bacillus lililetwa katika mpangilio wa kisasa na Mjerumani Ferdinand Cohn mwaka 1872, naye alimaanisha kijifimbo tu. Mwaka 1876 Cohn alieleza jambo lililokuwa likiwasumbua wengi: maji yaliyolowekwa majani makavu yanachemshwa vizuri, yanapoa, na baada ya siku mbili tatu yanachachuka na kujaa bakteria tena. Akaona chini ya hadubini vitone vinavyong'aa ndani ya vijifimbo, akatambua kwamba hivyo ndivyo vinavyovuka moto. Mwaka huohuo daktari kijana wa wilaya, Robert Koch, alimfuata Cohn mjini Breslau akamwonyesha alichokuwa ameotesha ndani ya majimaji ya jicho la ng'ombe: bakteria wa kimeta akigeuka spora, na spora ikirudi kuwa bakteria. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa bakteria wa majani makavu asiye na madhara na bakteria muuaji wa mifugo walisimama meza moja. Mkanganyiko wako una umri wa karne na nusu.

Spora inatengenezwaje? Chakula kinapoisha, seli hujigawa, lakini si katikati kama kawaida. Ukuta unajengwa karibu na ncha moja, ikabaki seli kubwa na ndogo. Kubwa huimeza ndogo, kisha huanza kuivisha nguo, safu juu ya safu: gamba nene la ndani, koti la protini kwa nje, na katika kundi la kimeta hata vazi jingine legelege juu yake. Kwa Bacillus subtilis, yule wa majani makavu, kazi yote huchukua kama saa 7 au 8 maabarani. Mwishoni seli mama hupasuka na kufa, spora ikaachwa huru. Ndani yake maji yamepungua sana, na nafasi imejazwa kalsiamu iliyoshikana na asidi ya dipikoliniki, ambayo inaweza kufikia karibu sehemu ya kumi ya uzito mkavu wa spora. Vinasaba vimefunikwa na protini ndogondogo. Hakuna kula, hakuna kukua.

Hapa wanafunzi wengi huanguka kwenye mtihani: spora ya bakteria si uzazi. Seli moja hutoa spora moja, na spora moja hutoa seli moja. Idadi haiongezeki. Usiichanganye na spora za kuvu, ambazo kweli ni mbegu za kuzaliana. Hii ya kwetu ni jambo la kujificha.

Sifa nyingine za jenasi nitazipitia haraka, kwa kuwa kitabu chako kinazo. Ni vijifimbo vyenye ukuta mnene unaoshika zambarau ya Gram, ingawa wakioteshwa siku nyingi huanza kuonekana wekundu na kumdanganya mtu. Wengi wana kimeng'enya cha katalesi: ukidondosha hidrojeni peroksaidi, mapovu. Wengine hawawezi kuishi bila oksijeni, wengine huvumilia kuikosa. Wengi huogelea kwa vijimkia vilivyozunguka mwili mzima. Yule wa kimeta haogelei, na hilo litakufaa baadaye. Spora zenyewe hazishiki rangi za kawaida, utaona tundu jeupe ndani ya fimbo, mpaka utumie kijani cha malakaiti na mvuke wa moto.

Wapo watengeneza spora wengine wasio wa nyumba hii, nao ni Clostridium na jamaa zake, wanaochukia oksijeni: wa pepopunda, wa chambavu ya ng'ombe, wa sumu ya vyakula vya makopo. Kwa mwanafunzi, tofauti ya kwanza ni hiyo ya hewa. Ya pili ni umbo: spora ya pepopunda huivimbisha ncha ya seli mpaka ikafanana na kijiti cha kupigia ngoma, lakini ya kimeta na ya B. subtilis hukaa ndani bila kuinyanyua fimbo.

Umbo hilo la spora ndilo lililokuwa rula ya uainishaji kwa muda mrefu. Katikati ya karne ya 20, Wamarekani Smith, Gordon na Clark walikusanya mamia ya vimelea vilivyokuwa vimepewa majina ovyo, wakavipanga katika makundi matatu: wenye spora ya yai isiyovimbisha seli, wenye spora ya yai inayovimbisha, na wenye spora ya duara inayovimbisha. Kazi safi, na mezani bado inasaidia. Lakini ni sawa na kupanga watu kwa kofia. Utawapata ndugu, na utawapata pia wageni waliokutana dukani.

Sasa twende kwa watatu wako, maana hapo ndipo penye utamu.

Wa kiporo ni Bacillus cereus. Makazi yake ni udongo, na kutoka udongoni spora zake hupanda na punje za mpunga hadi jikoni kwako. Unapika wali vizuri. Seli hai zote zinakufa. Spora hazifi, na joto lile lile linaziamsha usingizini. Sufuria linafunikwa, linaachwa juu ya jiko lililozimika usiku kucha katika joto la Dar es Salaam. Washindani wote wameshachemshwa, chakula ni tele, joto linafaa. Ifikapo asubuhi baadhi ya aina za B. cereus zimeshatoa sumu iitwayo sereulidi. Wewe unapasha moto kiporo chako ukidhani umemaliza kazi. Bakteria umewaua, lakini sereulidi hustahimili nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 90, na wali wako sufuriani haufiki huko. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula. Kuna sura ya pili ya ugonjwa, ya kuharisha, ambayo huja baada ya saa 6 hadi 15 hivi. Hapo sumu hutengenezwa tumboni na bakteria uliowameza wakiwa hai. Hiyo ya kuharisha ndiyo iliyotangulia kueleweka, kutokana na kazi ya Mnorwe Steinar Hauge katika miaka ya 1950 kuhusu mchuzi wa vanila uliowafanya watu waugue hospitalini. Hauge alipandikiza bakteria hao kwenye mchuzi, akaunywa mwenyewe, akaugua. Wewe usifanye hivyo.

Mimi nimekulia kiporo na chai ya rangi, wala sitamkataza mtu. Tatizo si kulala kwa wali, tatizo ni mahali unapolala. Usambaze kwenye sinia upoe upesi, kisha uingie kwenye friji. Pilau ya shughuli inayosubiri wageni iwe ya moto kwelikweli, nyuzi 60 na zaidi, si vuguvugu.

Wa kimeta ni Bacillus anthracis. Kimwili ni karibu pacha wa huyu wa wali: fimbo nene, mnyororo mrefu, spora ya yai katikati. Ukilinganisha kromosomu zao, ambazo kwa kimeta ni jozi za herufi za vinasaba milioni 5.2 hivi, unakuta undugu wa karibu mno. Kinachomfanya awe kimeta ni mikoba miwili anayobeba pembeni, plasmidi mbili, yaani vipande vya vinasaba vilivyo nje ya kromosomu. Moja, pXO1, ina jozi za herufi 182,000 hivi, na ndiyo yenye maelekezo ya sumu. Ya pili, pXO2, ina karibu 95,000, nayo ndiyo inayomshonea joho la kumficha asiliwe na chembe nyeupe za damu. Mnyang'anye mkoba wa pili, unabaki na bakteria mpole kiasi kwamba unaweza kumdunga ng'ombe kama chanjo. Ndivyo Max Sterne alivyofanya Onderstepoort, Afrika Kusini, katika miaka ya 1930, na aina aliyoipata, 34F2, ndiyo inayokinga mifugo sehemu kubwa ya dunia hadi leo.

Na wa tatu, wa viluwiluwi, ni Bacillus thuringiensis. Alielezwa na Mjerumani Ernst Berliner mwaka 1911 kutoka kwa viwavi wa nondo wa unga jimboni Thuringia, ingawa Mjapani Ishiwata alikuwa amemkuta kwa viwavi wa hariri miaka kumi kabla. Naye ni B. cereus karibu katika kila kitu, ila anapotengeneza spora huweka kando yake fuwele ya protini, na maelekezo ya fuwele hiyo kwa kawaida yamo tena ndani ya plasmidi. Aina inayoua mbu, israelensis, ilipatikana jangwa la Negev mwaka 1976. Kiluwiluwi akiimeza, utumbo wake wenye ubesi mkali huiyeyusha, vimeng'enya vyake huiamsha, na ukuta wa utumbo hutoboka. Tumbo lako na langu lina asidi, wala seli zetu hazina pa kuishikilia sumu hiyo, kwa hiyo hupita tu. Ndiyo maana pia dawa haiwapati mbu waliofikia hatua ya bundo: bundo hali kitu.

Umeshaona ninakokwenda? Bakteria mmoja, mikoba tofauti. Na kuna jambo linalonifurahisha kila nikilifundisha: maelekezo ya ile sumu ya kutapisha ya wali nayo yako kwenye plasmidi, na mifupa ya plasmidi hiyo inafanana na pXO1 ya kimeta. Mkoba wa fundi mmoja, mzigo mwingine.

Mwaka 2000 kundi la watafiti waliokuwa wakifanya kazi Norway, Helgason na wenzake, walichapisha wazi kwamba kwa ushahidi wa vinasaba hawa watatu ni spishi moja. Kisayansi sioni namna ya kuwapinga kirahisi. Huko msitu wa Taï, Ivory Coast, sokwe walikufa mwaka 2001 na 2002 kwa ugonjwa uliofanana kabisa na kimeta, na mwuaji akakutwa ni B. cereus kwa kromosomu, lakini amebeba mikoba miwili inayolingana na ya kimeta. Tumwite nani huyo? Walimwita Bacillus cereus bayova (yaani aina) anthracis, jina la kusuluhisha ugomvi. Tangu hapo ameonekana pia Kameruni na Kongo.

Basi kwa nini hatujawaunganisha? Kwa sababu jina si mali ya wataalamu wa ukoo peke yao. Afisa mifugo anapoandika B. anthracis kwenye ripoti, watu wanafunga machinjio, wanaita magari, wanachanja. Akiandika B. cereus, mtu anauliza kama wali ulikuwa na nazi. Kanuni za kimataifa za kuwapa bakteria majina zinalitambua jambo hili: zinaruhusu jina kukataliwa ikiwa kulitumia kunaweza kuhatarisha afya au uhai wa watu. Ruhusa hiyo iliwahi kutumika kwa bakteria wa tauni, ambaye kwa ukoo ni tawi la bakteria mwingine mpole zaidi. Pendekezo la kumpa jina la tawi lilikataliwa mwaka 1985, asije mtu akalisoma kwa haraka akadharau. Nami naona ni uamuzi wa busara. Jina la kimeta limebaki kwa sababu ya hofu, na hofu hiyo ina haki.

Ina haki kweli. Mwaka 1942 Waingereza walijaribu mabomu ya kimeta kwenye kisiwa cha Gruinard, Scotland, kondoo wakafa, na kisiwa kikafungwa. Udongo ulisafishwa kwa maji ya bahari na formaldehidi mwaka 1986, na kisiwa kikatangazwa salama mwaka 1990. Miaka 48 kwa jaribio la vita. Sisi hatuhitaji mabomu: udongo wenye kalsiamu nyingi na ubesi, kama wa nyanda za kaskazini mwa Tanzania na bonde la ufa, huzitunza spora vizuri bila msaada wa mtu. Mwaka 2004 viboko walikufa kwa mamia katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda. Mwaka 2015 nyati walikufa Ziwa Nakuru.

Na hapa ile sayansi ya spora inageuka kuwa ushauri wa zizini. Bakteria wa kimeta anahitaji oksijeni ili atengeneze spora. Ndani ya mzoga usiopasuliwa hewa hakuna, mwozo unaanza, na wengi wao wanakufa humo humo. Ukipasua, damu nyeusi isiyoganda inamwagika, inakutana na hewa, na kwa saa chache umepanda shamba la spora litakalokusubiri wewe na wanao. Kwa hiyo ng'ombe akifa ghafla huku damu ikitoka puani na sehemu ya haja, kisu kikae alani, aitwe afisa mifugo. Kuna desturi ya kumwaga chokaa juu ya mzoga. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inatahadharisha dhidi yake, kwani kalsiamu huenda ikazisaidia spora kudumu. Kumbuka ile kalsiamu ya ndani ya spora.

Sasa Lysinibacillus. Kibaha mliambiwa habari za bakteria wawili, sivyo? Kiwanda kile, kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba na kuzinduliwa mwaka 2015, kinatumia israelensis niliyemweleza, pamoja na mwingine ambaye vitabu vya zamani vinamwita Bacillus sphaericus. Huyu wa pili ndiye anayefaa zaidi maji machafu, ya mashimo na mitaro, kwa sababu hudumu humo. Spora yake ni ya duara, iko nchani, inavimbisha seli: yule wa kundi la tatu la Smith na wenzake. Undugu wake na B. subtilis ni wa mbali, na ukuta wa seli yake una asidi ya amino ya lisini mahali ambapo Bacillus halisi huwa na kiungo kingine. Mwaka 2007 akahamishiwa jenasi mpya, na hiyo lisini ndiyo iliyompa jina.

Kuhama kwake ni sehemu ya safari ndefu. Mwaka 1991 Ash na wenzake walisoma jeni ya 16S ya ribosomu, ile inayotumika kupima undugu wa bakteria, kutoka kwa spishi nyingi za Bacillus, wakakuta jenasi moja ina ndani yake angalau makundi matano yaliyoachana zamani. Kuanzia hapo watu wakaanza kutoa mizigo nje. Paenibacillus ilitoka mwaka 1993, jina lenye maana ya karibu-Bacillus, na humo ndimo alimo anayeua majana wa nyuki. Brevibacillus ikafuata 1996. Geobacillus, wapenda joto kali, ilitoka 2001, na mmoja wao, G. stearothermophilus, unamjua bila kumjua: ni yule anayewekwa ndani ya otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, ili kuhakiki kwamba nyuzi 121 zimefika kweli. Kishindo kikubwa kilikuja mwaka 2020, kundi la Gupta huko Kanada lilipolinganisha jenomu nzima na kupendekeza jenasi mpya kwa wingi, Priestia, Peribacillus, Cytobacillus na wengine, na jina Bacillus lenyewe libaki na koo mbili tu: ya subtilis na ya cereus. Hata hizo mbili si ndugu wa karibu. Kwa haki, B. cereus, thuringiensis na anthracis wangehamishwa pia, maana mwenye nyumba kisheria ni B. subtilis, spishi kielelezo. Wakaachwa, kwa sababu ileile ya hofu niliyokueleza.

Ngazi za juu usizichoshe kichwani: familia Bacillaceae, ngeli Bacilli, faila ambayo ulifundishwa kuwa Firmicutes na ambayo tangu 2021 inaandikwa Bacillota.

Mezani ufanye nini? Sampuli ikikuonyesha fimbo nene ya zambarau yenye spora isiyovimbisha, angalia agari ya damu. Ikiyeyusha damu kwa duara safi na ikiogelea, uko upande wa cereus. Isipoyeyusha, isipoogelea, na ikasumbuliwa na penisilini, simama hapo hapo, funga sahani, usinuse, mwite mkubwa wako. Kazi iliyobaki ni ya maabara ya rufaa yenye vifaa vya kutafuta pXO1 na pXO2. Ukitaka kumtenga thuringiensis, tafuta fuwele kwenye smia ya siku mbili tatu. Usipoiona, andika “kundi la B. cereus” uishie hapo, maana aliyepoteza plasmidi yake hana fuwele ya kukuonyesha.

Na kwenye daftari lako la ziara, penye Bacillus sphaericus usifute. Andika pembeni Lysinibacillus sphaericus, 2007. Mtihani wa mwaka huu unaweza kutungwa na mtu aliyesoma kitabu chochote kati ya viwili.